Hamsini, si Sabini na Tano: Namba Inayoamua Sauti ya Redio Ndogo Kamina

Kamina ni mji ambao redio ya FM imeumbiwa. Tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, ndio makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Reli inayotoka Lubumbashi hugawanyika hapo: tawi moja huelekea Kananga na Ilebo, jingine hupitia Kabongo kwenda Kabalo, Kalemie na Kindu. Mji umekaa juu ya uwanda wenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100, na kwa kuwa mawimbi ya FM hupenda kwenda kwa mstari ulionyooka, antena iliyosimamishwa mita 30 huona kilomita 22 hivi kabla upeo wa macho haujaizuia. Mtambo mdogo, uliofungwa vizuri, unaweza kuufikia mji wote kwa Kiswahili na kwa Kiluba. Ndiyo maana mafundi wanaojiundia mitambo huuliza kwanza wati ngapi na mlingoti wa urefu gani. Maswali hayo ni ya haki. Lakini liko jingine linaloamua kama msikilizaji atasikia maneno au mikwaruzo, nalo huulizwa mara chache: priemfasisi imewekwa kwenye namba gani? Ninachotaka kuthibitisha hapa ni kwamba namba hiyo haichaguliwi na kiwanda wala na sikio la fundi. Huamuliwa na redio zilizomo nyumbani mwa wasikilizaji, na kwa Kongo namba hiyo ni 50.

Priemfasisi ni hatua ya kuziongezea nguvu sauti nyembamba kabla hazijarushwa hewani. Sababu yake imo ndani ya FM yenyewe, teknolojia ambayo mhandisi wa Marekani Edwin Howard Armstrong aliipatia hataza mwaka 1933. Redio inapoyageuza mawimbi kuwa sauti, mkwaruzo haugawanyiki sawasawa: ni mdogo kwenye sauti nzito na huongezeka kadiri sauti inavyopanda, mara mbili kwa kila masafa ya sauti yanapozidi mara mbili. Matokeo yake, herufi kama “s”, “sh” na “f”, pamoja na mlio wa matoazi, huangukia mahali penye fujo kubwa zaidi, hali zenyewe kwa kawaida ni dhaifu. Wahandisi wakakubaliana hivi: mtambo uzinyanyue sauti nyembamba, na redio ya msikilizaji izishushe kwa kiasi kilekile, hatua inayoitwa diemfasisi. Inapozishusha, mkwaruzo nao unashuka pamoja nazo. Sauti inarudi ilivyokuwa studio, kelele zimepungua kwa takriban desibeli 10. Faida hiyo huonekana hasa pembezoni, kwa msikilizaji wa kilomita ya ishirini ambaye mawimbi yanamfikia yakiwa yamechoka.

Mapatano hayo yana sharti moja: kiasi cha kunyanyua na kiasi cha kushusha lazima vilingane. Hapo ndipo dunia iligawanyika. Marekani, Kanada na Korea Kusini hutumia mikrosekunde 75. Ulaya, Afrika na sehemu kubwa ya nchi nyingine hutumia mikrosekunde 50. Katika kipimo cha 50, mnyanyuko huanza kuhesabika karibu na hezi 3,180. Katika 75 huanza mapema, karibu na hezi 2,120. Ikifika kilohezi 10, mtambo wa 50 umeongeza desibeli 10.4, na wa 75 umeongeza 13.7. Ni tofauti ya desibeli tatu na kitu, nayo iko kwenye eneo linalobeba konsonanti, yaani linalomwezesha mtu kutofautisha “fika” na “shika”.

Hitilafu huingia kwa njia ya kimyakimya, kwa kuwa vipande vingi vya mitambo midogo vimebuniwa kwa kufikiria soko la Amerika. Chipu ya Si4713, inayopendwa na wanaojifunza, ikiwashwa bila kuamriwa chochote huanza na 75. Hali ni hiyohiyo kwa KT0803. Fundi wa Kamina anayenunua kibao kilichokwisha kuungwa, akakitia umeme na kusikia muziki, anaamini kazi imekwisha, kumbe mtambo wake unazungumza na redio za Chicago. Kwa chipu hizo dawa ni amri moja katika programu inayoziendesha. Kwa BH1417 ya Rohm dawa ni kapasita mbili, moja kwa kila upande wa stereo. Ndani ya chipu hiyo kuna rezista ya omu 22,700. Ukiiunganisha na kapasita ya pikofaradi 2,200 unapata mikrosekunde 50, na ukiweka pikofaradi 3,300 unapata 75. Tofauti ya sauti ya kituo kizima inaweza kuwa imesimama juu ya kapasita mbili ndogo kuliko punje ya mchele.

Wapo watakaosema kwamba 75 inasikika vizuri zaidi: sauti inang'aa, matoazi yanachomoza, na kituo kinatofautiana na jirani zake. Tena wana hoja ya kisayansi, kwa sababu 75 hupunguza mkwaruzo kwa karibu desibeli 3 zaidi ya 50. Hoja ya pili ni kweli, ila ni kweli pale tu redio inayopokea nayo inaposhusha kwa 75. Redio ya 50 itaacha desibeli 3 za ziada zikining'inia juu ya kila “s” ya mtangazaji. Huo mng'ao si ubora, ni sauti iliyopinda, na sikio huuchoka baada ya nusu saa. Anayetaka sauti yenye uchangamfu anaweza kuitengeneza kwenye mixa au ikwalaiza, akaipima na kuirekebisha kwa kila kipindi. Priemfasisi haikuwekwa kwa kazi hiyo.

Kuna gharama nyingine iliyo nzito zaidi. Katika FM, ukubwa wa sauti ndio unaoamua mawimbi yayumbe kiasi gani kutoka kwenye masafa yake, na kiwango kinachoruhusiwa ni kilohezi 75 kila upande. Namba hii isichanganywe na mikrosekunde 75. Zimefanana kwa bahati tu. Tuseme fundi ameseti mlio wa hezi 400 ufikie kiwango hicho hasa, kisha apitishe mlio wa kilohezi 10 wenye nguvu ileile. Kwa priemfasisi ya 50, mawimbi yatayumba karibu kilohezi 245. Kwa 75, karibu kilohezi 355. Redio nyingi huchuja mawimbi kwa kichujio chenye upana wa kilohezi 180 hadi 280 kwa jumla. Kinachozidi hapo hukatwa, na msikilizaji husikia “s” ikitema na kupasuka, kana kwamba kipaza sauti kimechanika. Wakati huohuo mawimbi yanayofurika yanaingia kwenye masafa ya jirani. Kituo kilicho karibu na megahezi 108 kina jukumu kubwa zaidi, maana juu ya hapo huanza masafa ya vifaa vya kuongozea ndege, na Kamina ina uwanja wa ndege na kambi kubwa ya kijeshi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi waanzilishi waliukubali mpango wenye hatari hiyo. Waliukubali kwa kuwa katika usemi na muziki wa zama zao nguvu nyingi ilikaa chini, na juu palibaki nafasi ya kunyanyua. Sikiliza magitaa ya Katanga ya wakati huo, kama ya Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952: nyuzi na sauti ya mtu, hakuna kinachochoma masikio. Nyimbo za leo zimejaa ngoma za kompyuta na matoazi yaliyosukumwa hadi mwisho, kwa hiyo nafasi ile imejaa. Jibu si kuizima priemfasisi, kwani redio za watu zitaendelea kushusha, na matangazo yatasikika kama yanatoka chini ya blanketi. Jibu ni kuweka limita inayofanya kazi baada ya priemfasisi, ili iuone mnyanyuko na kuuzuia usivuke mpaka. Limita iliyowekwa kabla yake haioni hatari yenyewe.

Kupima hakuhitaji maabara. Mtambo uunganishwe na mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena, ili majaribio yasisumbue mtu. Kutoka kwenye kompyuta pitisha mlio wa hezi 400, kisha wa kilohezi 10, yote miwili kwa nguvu sawa na ya chini, desibeli 20 chini ya kilele, ili limita isiingilie. Pokea kwa kijiti cha USB cha kunasia mawimbi, programu yake ikiwa imewekwa kwenye diemfasisi ya 50, halafu linganisha viwango. Vikilingana, kazi ni safi. Mlio wa juu ukizidi kwa kama desibeli 3, mtambo uko kwenye 75. Ukipungua kwa kama desibeli 10, priemfasisi haipo kabisa. Ukizidi kwa kama desibeli 10, imewekwa mara mbili, kosa linalotokea pale programu ya kuchakata sauti kwenye kompyuta inaponyanyua, na mtambo nao ukanyanyua tena. Sehemu moja tu ndiyo ifanye kazi hiyo, nyingine izimwe.

Pingamizi la mwisho ndilo la kukatisha tamaa: redio za bei nafuu zina spika mbovu, nani atatambua desibeli tatu? Spika ndogo kwa kweli haitoi vizuri kilohezi 10. Lakini uyumbaji uliopita kiasi huharibu ndani ya redio kabla ya spika, na sauti iliyopasuka hushuka hadi kwenye masafa ambayo spika hiyo inayatoa vizuri sana. Hivyo mwenye redio ya bei nafuu, aliye mbali na mlingoti, ndiye anayeumizwa zaidi, wala hana kitufe cha kujirekebishia. Na huyo ndiye redio ya jumuiya iliwekwa kwa ajili yake: apate habari za soko, chanjo na treni kwa lugha anayoielewa.

Kwa hiyo, fundi wa Kamina na kwingineko Kongo, kabla ya kuomba wati nyingine hakikisha mambo manne. Kibali cha masafa kiwepo, kwa kuwa masafa ni mali ya umma. Priemfasisi iwe 50. Inyanyuliwe mara moja tu. Limita ikae baada yake. Wati huongezwa kwa fedha. Priemfasisi sahihi inahitaji kapasita mbili au amri moja, na jioni moja ya kupima kwa uangalifu.