Hesabu ya Kromosomu Katika Ukoo wa Mgomba

Kata ndizi mbivu katikati uiangalie vizuri. Vile vidoa vyeusi vilivyojipanga kwenye nyama yake ni mbegu zilizoshindwa kukua. Sababu yake imo ndani ya seli, kwenye kromosomu zinazobeba vinasaba vya mmea.

Karibu ndizi zote tunazokula zimetokana na migomba-mwitu miwili ya Asia, Musa acuminata na Musa balbisiana. Kila mmoja una kromosomu 22, yaani seti mbili za 11. Seti ya wa kwanza wataalamu huiita A, ya wa pili B. Ndizi za matoke za Bukoba na Uganda zina kromosomu 33, yaani AAA. Ndizi za mzuzu nazo zina 33, ila ni AAB. Chanzo cha seti hizo tatu ni mzazi mmoja kurithisha seti zake zote mbili badala ya moja. Mmea unapotengeneza chavua, kromosomu hupangana mbilimbili kabla ya kugawana. Zikiwa seti tatu, mgawanyo hauwi sawa, na mbegu hupatikana kwa nadra sana. Tunda, kwa bahati yetu, hukua hata bila kuchavushwa.

Kuhesabu kromosomu kunahitaji subira. Ncha changa ya mzizi hutiwa dawa ya kusimamisha mgawanyiko wa seli, hupakwa rangi, kisha hubanwa kati ya vioo viwili na kutazamwa kwa hadubini.

Hesabu hiyo imebadilisha uainishaji. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliipa ndizi ya kupika jina Musa paradisiaca, kana kwamba ni spishi kamili. Mwaka 1955 N. W. Simmonds na K. Shepherd, kwa kuangalia idadi ya kromosomu pamoja na maumbile ya mmea, walionyesha kwamba ndizi za aina hiyo ni machotara wa A na B. Kabla yao, E. E. Cheesman alikuwa ameigawa jenasi Musa katika makundi manne, mawili yenye seti ya 11 na mawili yenye seti ya 10. Miongo kadhaa baadaye, uchunguzi wa DNA uliyaunganisha makundi ya 11 pamoja, na ya 10 pamoja. Hesabu ilikuwa imeuona undugu huo mapema.

Hata hivyo, idadi peke yake haitoshi. Musa ingens, mgomba mrefu kupita yote, una kromosomu 14 tu, yaani seti mbili za 7, lakini DNA inauweka upande wa wale wenye seti ya 10. Mchare, mgomba unaolimwa Kilimanjaro, una 22 kama mgomba-mwitu, lakini mbegu zake ni adimu mno. Wazazi wake walitoka katika nususpishi tofauti, na vipande vya kromosomu zao vimehamahama, hivyo kupangana kwake ni kwa shida.

Maarifa haya yana kazi shambani. Watafiti nchini Uganda walichavusha matoke ya kromosomu 33 kwa mgomba-mwitu wa 22 unaostahimili magonjwa, wakapata miche ya 44, matoke yakiwa yamerithisha seti zake zote tatu. Hiyo nayo wakaichavusha kwa migomba ya 22, wakarudi kwenye 33. Ndizo aina ziitwazo NARITA. Kwa hiyo anayetaka kuujua mmea aanze na hesabu ya kromosomu zake, kisha achunguze namna zinavyopangana. Akiishia kwenye hesabu, atapotea.