Mtumbwi wa Joka: Mzigo Uko kwa Watu

Mtumbwi wa joka unaotumika katika mashindano ya kimataifa una urefu wa mita 12 na ushei, na uzito wa kilo 250 hivi. Hupandwa na watu 22: wapiga kafi 20 waliokaa wawili wawili, mpiga ngoma omo na mshika usukani tezi. Tukichukulia kila mmoja ana kilo 70, watu peke yao ni kilo 1,540. Chombo chenyewe ni kama asilimia 14 tu ya uzito wote.

Timu nzuri humaliza mita 500 kwa dakika mbili hivi, yaani mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Tuseme ngoma inadunda mara 80 kwa dakika: kila mtu atazamisha kafi mara 160, na timu nzima mara 3,200. Akichelewa mmoja, makafi yanagongana na chombo kinayumba.

Vijijini Guangdong, kusini mwa China, hesabu hupanda. Huko kuna mitumbwi ya mbao inayozidi mita 30, yenye wapiga kafi 60 hadi 80. Haiwekwi bandani. Huzikwa katika tope la mto au bwawa ili mbao zisikauke zikapasuka, kisha hufukuliwa kabla ya sikukuu ya Duanwu, siku ya 5 ya mwezi wa 5 wa kalenda ya Kichina. Kichwa cha joka hufungwa, macho yake hutiwa rangi, na hapo ndipo linapohesabiwa kuwa hai. Joka hili si la kutisha watoto. Ndilo lenye mvua na mito, na mkulima wa mpunga hana ubavu wa kulipuuza.

Simulizi maarufu ya chanzo cha sikukuu hii humtaja Qu Yuan, mshairi wa dola la Chu aliyejitosa katika Mto Miluo karibu mwaka 278 KK, watu wakakimbilia mitumbwi kumtafuta. Mwanazuoni Wen Yiduo alidai sikukuu ni kongwe kuliko mshairi, iliachwa na watu wa kusini walioliabudu joka. Naona ana hoja: waokoaji wenye haraka hawachongi vichwa.

Hong Kong ilialika timu za nje kwenye mashindano yake mwaka 1976, na shirikisho la kimataifa la mchezo huu likaundwa mwaka 1991. Kwenye Michezo ya Asia ya 2018, wanawake wa Korea Kaskazini na Kusini walipanda chombo kimoja na kushinda dhahabu ya mita 500, baada ya mazoezi ya pamoja yasiyofika mwezi.