Pembe ya ng'ombe, mwezi na zabibu: Familia iliyoacha dawa shambani

Unajaza samadi kwenye pembe ya ng'ombe, unaizika kipindi chote cha baridi, kisha unaichimbua. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni uganga. Kumbe ni kilimo cha zabibu, tena kwenye moja ya mashamba ya mvinyo yanayoheshimika sana Ufaransa.

Shamba linaitwa Coulée de Serrant, lipo Savennières, karibu na mto Loire. Lina takriban hekta 7 tu, na watawa walipanda mizabibu pale tangu mwaka 1130. Familia ya Joly ililinunua miaka ya 1960.

Kwa nini waliacha dawa?

Nicolas Joly aliacha kazi ya benki akarudi nyumbani mwaka 1977. Mshauri wa kilimo akamwambia mama yake analima kizamani: tumieni dawa za kuua magugu, mtaokoa hela. Akakubali.

Anasimulia kwamba ndani ya miaka 2 udongo ulibadilika rangi, wadudu na kwale wakatoweka. Akashtuka. Miaka ya 1980 akahamia baiodainamiki.

Baiodainamiki ni nini?

Kilimo hai kinakataza mbolea na dawa za viwandani. Baiodainamiki inaongeza masharti, yanayotokana na mihadhara ya Rudolf Steiner ya mwaka 1924. Ile samadi ya pembe inakorogwa kwenye maji saa nzima, kisha inanyunyiziwa shambani. Kazi nyingi zinafuata kalenda ya mwezi.

Je, inafanya kazi?

Hapa ndipo ubishi ulipo. Hakuna ushahidi thabiti wa kisayansi kwamba pembe yenyewe inaleta tofauti. Ila kuweka mboji na kukagua mizabibu kila mara, faida yake inaeleweka.

Na si kwamba hawapulizi kitu kabisa. Ukungu ukishambulia, wakulima wa kilimo hai hutumia dawa za shaba kama mrututu, na shaba hubaki udongoni. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7.

Leo binti yake Nicolas, Virginie, ndiye anayeendesha shamba. Zabibu yao ni Chenin Blanc, aina ambayo inalimwa pia Dodoma. Kwa hiyo swali la Joly linafika hadi kwetu: hela unayookoa leo kwa dawa, udongo utakudai kiasi gani kesho?