KWA NINI BWEHA HAKUWA MBWA?

Kila mwenye boma katika Ekerenyo anamjua mbwa. Usiku hulinda ng'ombe, mchana hubweka mgeni akaribiapo mlango, tena hufuatana na watoto waendapo kuchota maji. Malipo yake ni ugali uliobaki na pahali pa kulala karibu na ghala. Tumemzoea hata hatuulizi ametoka wapi. Lakini liko swali moja ambalo vijana huliuliza mara nyingi, na kila mzee huwa na jibu lake. Ikiwa mbwa alikubali kukaa na watu, kwa nini bweha hakukubali? Na yule mbwa mwitu, ambaye hata jina lake ni la mbwa, kwa nini amebaki porini siku zote?

Swali hili si la mchezo. Wako watu ambao wakiokota mtoto wa bweha shimoni humchukua nyumbani, wakidhani kwamba akinyweshwa maziwa na kulelewa pamoja na watoto wa mbwa, atakuwa mlinzi hodari kuliko mbwa wenyewe. Husema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli kwa watoto wa watu, lakini kwa mnyama wa mwitu haitoshi, na yafaa tuone sababu yake.

Kwanza na tuwajue wanyama tunaowataja. Fisi tumtoe kabisa katika hesabu hii, maana ingawa umbo lake lafanana na la mbwa, kwa ukoo yu karibu zaidi na paka na nguchiro. Jamaa ya mbwa katika Afrika ya Mashariki ni hawa: bweha mwenye mgongo mweusi, bweha mwenye mlia ubavuni, bweha wa rangi ya dhahabu, bweha masikio ambaye masikio yake ni makubwa kama ya popo, na mbwa mwitu mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano. Katika vilima vyetu, ambako chai na migomba vimesongamana hadi ukingo wa barabara, si rahisi kuwaona wote. Lakini mtu akishuka kusini mpaka mbuga za Mara, huko ndiko kwenye nchi yao.

Jambo la pili ni kutofautisha maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya, yaani kuzoeza na kufuga. Kuzoeza ni kazi ya mnyama mmoja. Ukimlea tangu mdogo, atakujua na kula mkononi mwako. Kufuga ni kazi ya ukoo mzima, kizazi baada ya kizazi, hata mtoto azaliwe akiwa na moyo wa kukaa na watu kabla hajafundishwa neno lolote. Mfano mzuri ni duma. Wafalme wa Bara Hindi waliwaweka duma kwa karne nyingi, wakawafundisha kuwinda swala, nao walitii. Lakini walikuwa hawazai kifungoni ila kwa nadra sana, na kila duma mpya ilikuwa lazima akamatwe porini. Basi duma alizoezwa, lakini hakufugwa. Mnyama asiyezaa mkononi mwa binadamu hawezi kuchaguliwa, na pasipo kuchagua hakuna kufuga.

Je, mbwa wetu alitoka wapi? Wataalamu wa leo wamekwisha thibitisha kwamba mbwa wote wa duniani, wakubwa kwa wadogo, ni uzao wa mbwa mwitu wa kijivu, mnyama wa Ulaya na Asia. Huyu si yule mwenye mabaka wa Afrika. Ni kwa sababu lugha yetu imewapa jina moja ndipo watu hudhani ni mnyama mmoja. Ukiwatazama miguu utaona tofauti: mbwa wa nyumbani ana vidole vitano katika miguu ya mbele, bali mbwa mwitu wa Afrika ana vinne tu katika kila mguu. Wala haijulikani kwamba hao wawili wamepata kuzaliana.

Urafiki wa mbwa na watu ni wa zamani sana, zamani kuliko jembe na ng'ombe. Mwaka 1914, karibu na mji wa Bonn katika Ujerumani, wachimba mawe walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Kaburi hilo lina miaka ipatayo 14,000. Wataalamu waliochunguza meno ya mbwa huyo waliona dalili kwamba aliugua sana alipokuwa mdogo, na kwamba bila kuuguzwa na mtu asingeishi hata muda ule mfupi alioishi. Maana yake ni kwamba hata katika siku hizo, watu ambao hawakuwa na shamba wala zizi walikubali kupoteza chakula na wakati kwa ajili ya mbwa mgonjwa.

Namna urafiki huo ulivyoanza haijaafikiwa na wataalamu wote. Wengine husema mbwa mwitu wasioogopa sana walikaribia makambi ya wawindaji kula masazo. Wengine husema watu wenyewe waliwachukua watoto wao wakawalea. Kwa vyovyote, wale wapole walikaa wakazaa, na wale wakali walikimbia au waliuawa, hata baada ya vizazi vingi akapatikana mbwa. Mbwa mwitu wa kijivu alifaa kwa kazi hiyo kwa sababu hukaa kwa jamaa, huwatii wakubwa wake, hula vitu vingi, na huweza kuambatana na mtu akilelewa tangu udogo.

Sasa tuwaangalie wa kwetu. Mbwa mwitu wa Afrika naye hukaa kwa jamaa, tena kwa upendo mkubwa kupita wengi. Wakirudi kutoka kuwinda huwatapikia nyama watoto, na hata wagonjwa na wazee waliobaki nyuma. Lakini upendo huo wote ni wa kundi lake. Hula nyama aliyoiua mwenyewe, na mara chache tu hugusa mizoga au masazo, kwa hiyo jalala la binadamu halikuwa na kitu cha kumvuta. Tena ni msafiri. Kundi moja huzunguka katika eneo la mamia ya kilomita za mraba, na makundi mengine hupita hata 1,000. Kaunti yote ya Nyamira ni kilomita za mraba kama 900 tu. Mnyama ambaye nchi yetu nzima ni ndogo kwake, atatulia vipi katika boma moja?

Bweha ni wa namna nyingine. Yeye hukaribia watu, hula masazo, panya, matunda na mizoga, na kwa hayo angeweza kufaa. Kinachomzuia ni desturi ya nyumba yake. Bweha hukaa dume na jike, pengine pamoja na watoto wao mmoja au wawili wa mwaka uliopita ambao husaidia kulea wadogo zao. Hana kundi kubwa lenye wakubwa wa kufuatwa. Mtoto akikomaa, hamu yake ni kutoka akatafute mwenzi na nchi yake mwenyewe. Kwa hiyo yule aliyelelewa kwa maziwa huanza kubadilika akifika umri huo: huwa na hofu, huuma, na siku moja huondoka, pengine na kuku mdomoni. Si utovu wa shukrani, bali ni tabia yake ya kuzaliwa. Na bweha masikio, chakula chake kikubwa ni mchwa na wadudu wengine. Hangelinda wala kuwinda kitu cha kumfaa mtu.

Tena iko sababu moja iliyo nje ya tabia za wanyama. Mbwa alipofika Afrika alikuwa amekwisha kuwa mbwa. Alikuwapo Misri zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, na baadaye akaenea kusini pamoja na wachungaji na wakulima. Mchungaji aliyekuwa na mbwa tayari, kwa nini ajisumbue kwa vizazi mia kumfuga bweha? Mwenye jembe la chuma hachongi la mti.

Huenda msomaji akauliza: Je, ni jambo lisilowezekana kabisa? La, laweza kuwezekana, lakini tazama gharama yake. Mwaka 1959 mtaalamu wa Urusi, Dmitri Belyaev, alianza kazi huko Siberia, karibu na mji wa Novosibirsk, na mbweha wa nchi za baridi wafugwao vizimbani kwa ajili ya manyoya yao. Katika kila kizazi aliwachagua wachache waliokuwa wapole kupita wote, akawazalisha hao tu. Kizazi cha nne walitokea wachache waliotikisa mkia mtu alipokaribia. Baadaye wakapatikana wenye masikio ya kulegea na mabaka meupe, kama mbwa wa nyumbani. Baada ya kufa kwake mwaka 1985, kazi hiyo iliendelezwa na Lyudmila Trut, na katika miaka 40 walitumia mbweha wapatao 45,000. Hata hao hawakuanza na mnyama wa porini, maana mbweha wale walikuwa wamekwisha kukaa vizimbani kwa vizazi vingi.

Mkulima hataona ajabu hapo. Ndiyo kazi aifanyayo achaguapo mbegu ya mahindi, au atafutapo fahali mwema kwa ng'ombe wake. Tofauti ni kwamba mwenye kuokota bweha mmoja shimoni ameshika punje moja tu, naye ataka mavuno ya miaka elfu. Hata tumbo la mbwa limebadilika kwa ajili yetu. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza kwamba mbwa ana uwezo wa kuyeyusha wanga kuliko mbwa mwitu wa kijivu. Ugali anaokula mbwa wa Ekerenyo ni ushahidi wa safari ndefu aliyokwenda pamoja na wakulima.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, tusiwalete watoto wa bweha majumbani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa mwitu bila kibali. Tena bweha huweza kuwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikiisha kutokea kwa binadamu, karibu kila mara huua.

Pili, tukumbuke kwamba hatari haitoki porini tu. Mwaka 1989, kaskazini ya hifadhi ya Maasai Mara, kundi la mbwa mwitu 23 liliingiwa na kichaa cha mbwa, na katika muda wa wiki chache 21 walikufa. Ilionekana kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa namna ileile iliyomo katika mbwa wa nyumbani. Kufikia mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakichunguzwa katika Serengeti na Mara yalikuwa yametoweka. Mwaka 2012 mbwa mwitu wa Afrika nzima walikadiriwa kuwa 6,600 tu. Na kwa watu pia, karibu wote wanaokufa kwa kichaa hicho duniani huumwa na mbwa wa nyumbani, wala si bweha.

Kwa hiyo kila mwenye mbwa na ampeleke kuchanjwa kila mwaka, asingoje mpaka habari mbaya itokee kijijini. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Na mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

Bweha na mbwa mwitu hawakuwahi kutuahidi kitu, na haki yao ni kuachwa na nchi yao. Mbwa ndiye aliyeingia nyumbani, akaacha nchi yake na jamaa zake. Mnyama wa namna hiyo anastahili zaidi ya mabaki ya ugali.