JE, WAJUA? Mwaka mmoja, majina mengi

Hesabu ya miaka ya BK, yaani Baada ya Kristo, ilianzishwa mwaka 525 na mtawa Dionysius Exiguus aliyeishi Roma. Hakutaka miaka iendelee kuhesabiwa kwa jina la Diocletian, mtawala aliyewatesa Wakristo. Katika hesabu hii hakuna mwaka sifuri: 1 KK (Kabla ya Kristo) hufuatwa na 1 BK.

Katika karne ya 19, waandishi wa Kiyahudi walizoea kuiita hesabu hiyo “zama za wote”, bila kumtaja Kristo. Tarakimu zilibaki zilezile.

Waislamu nao wana hesabu yao, Hijria: Msikiti wa Kizimkazi, Zanzibar, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 BK. Kila jina hubeba imani ya watu wake. Yote yanastahili heshima.