Mavazi sahili yarejea, maoni yatofautiana

MITINDO ya mavazi haifi. Hulala tu, kisha ikaamka. Vazi sahili, lisilo na marembo wala rangi nyingi, lilitamba miaka ya 1990 kupitia wabunifu kama Jil Sander wa Ujerumani na Calvin Klein wa Marekani. Mwaka wa 2023 lilivuma tena, likisifiwa kuwa anasa isiyo na makeke.

Katika eneo la Musanda, Kaunti ya Kakamega, suala hili linagusa mfuko. Kampuni ya Sukari ya Mumias, tegemeo la wakulima wa miwa, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019.

Wanaolitetea vazi hilo hushikilia kwamba gauni moja la rangi tulivu hufaa kanisani, kazini na hata matangani, hivyo hupunguza gharama. Wanaolipinga huuliza: fundi wa cherehani atakula nini? Kitenge chenye marinda na nakshi humpa kazi, ilhali gauni sahili hupatikana tayari katika mitumba.

Hata hivyo, nguo isiyo na marembo haina pa kuficha dosari za mshono. Huhitaji vipimo sawasawa na mkono stadi, na hapo ndipo fundi hulishinda rundo la mitumba.