Silaha, Mhuri wa Mtaa na Kura Yetu



Jumatano ya Novemba 27, 2024, sisi wakazi wa Tanzania Bara tulipiga kura kuwachagua wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji pamoja na wajumbe wao. Hapa Miyuji, kama ilivyokuwa katika kata nyingine za Jiji la Dodoma, watu walizungumzia maji, barabara, taka na migogoro ya viwanja. Yote hayo yanastahili kuzungumzwa. Katika makala hii tunaongeza jambo moja ambalo halisikiki sana katika mikutano ya kampeni: silaha za moto, na nafasi ya viongozi wa mtaa katika kuamua nani azimiliki.

Wengi hudhani kwamba habari ya bunduki ni ya polisi peke yao. Sivyo. Umiliki wa silaha nchini unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa utaratibu unaotumika, raia anayetaka kumiliki bastola au shotigani huanzia katika serikali ya mtaa au kijiji anapoishi. Maombi yake hujadiliwa na kamati ya ulinzi na usalama ya hapo, kisha hupanda ngazi ya kata, wilaya na mkoa, ndipo yafike kwa mwenye mamlaka ya kutoa leseni katika Jeshi la Polisi.

Kwa nini kuanzia chini? Polisi wanaweza kuchukua alama za vidole na kuangalia kama mwombaji ana kesi. Lakini faili halisemi kwamba mtu huyu akilewa hutishia jirani, au kwamba mke wake amekimbilia kwa wazazi mara mbili mwaka huu, au kwamba ana ugomvi wa mpaka wa kiwanja ambao haujaisha. Hayo yanajulikana mtaani. Kamati ikikaa na kuuliza kwa uaminifu, ngazi za juu hupata habari ambazo zisingeweza kuzipata kwingine. Mwenyekiti akigonga mhuri kwa sababu mwombaji ni rafiki au ameacha bahasha, ngazi zote zinazofuata zinajenga juu ya msingi mbovu.

Kwetu Dodoma jambo hili lina uzito wake. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika eneo ambalo sasa ni Jiji la Dodoma. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000. Mitaa imejaa wageni, nyumba zinajengwa upesi, na wizi unawatia watu hofu. Mwenye duka anayelala na mauzo ya siku ndani anaweza kuwa na sababu ya kweli ya kuomba silaha. Pembeni ya mji kuna mkulima anayelinda shamba dhidi ya ngedere na nguruwe pori, na huyo huenda ana gobole lililotengenezwa na fundi wa kijijini, lisilo na leseni. Hatusemi kwamba watu hawa ni wahalifu. Tunasema kwamba silaha iliyomo ndani ya nyumba inabaki humo hata siku ya hasira, siku ya ulevi, na siku mtoto anapochungulia chini ya kitanda.

Mafundisho ya Kanisa hayamnyimi mtu haki ya kujilinda. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2316, inafundisha kwamba utengenezaji na uuzaji wa silaha unagusa manufaa ya wote, na kwa hiyo mamlaka za umma zina haki na wajibu wa kuuwekea taratibu. Mamlaka za umma haziishii kwa waziri. Mwenyekiti wa mtaa naye ni mamlaka ya umma, na sisi ndio tunaomchagua.

Nchi nyingine zimekwisha kuona uzito wa kura za ngazi ya chini. Nchini Marekani, baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa kwa risasi katika shule ya Sandy Hook, Desemba 14, 2012, akina mama walianzisha kundi la Moms Demand Action. Kundi hilo halikuishia kulilaumu bunge la taifa. Huwapelekea wagombea maswali ya maandishi kuhusu usalama wa silaha, wakiwemo wale wa ngazi za chini, na kuwaeleza wapiga kura nani amejibu vizuri. Mazingira yao si yetu, kwani kwao silaha ni nyingi mno na sheria ni legevu zaidi. Hata hivyo, njia ya kumuuliza mgombea kabla ya kumpa kura haihitaji fedha wala ofisi.

Tuwaulize nini wagombea wetu? Kwanza: je, maombi ya silaha yatajadiliwa na kamati nzima, au yatamalizwa mezani pako? Pili: je, utasikiliza maoni ya majirani na ya watu wa nyumbani kwa mwombaji, hasa mke, bila kuwaweka hatarini? Tatu: mwenye gobole akitaka kulisalimisha, utamsaidiaje? Mwaka 2022, na tena 2023, Serikali ilitangaza msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari silaha zisizo halali, na ofisi za serikali za mitaa zilikuwa miongoni mwa mahali pa kuzipeleka. Mtu mwenye hofu hawezi kupeleka gobole kwa kiongozi asiyemwamini.

Yako mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza linatuhusu sisi wa seminari na mapadre wetu. Kanuni ya 287 ya Sheria za Kanisa inawataka makleri wasishiriki kwa utendaji katika vyama vya siasa. Kwa hiyo altare si mahali pa kumtaja mgombea. Tunaweza kufundisha, na walei ndio wenye nafasi ya kusimama mkutanoni na kuuliza, au kugombea wenyewe.

La pili ni kwamba orodha ya wapiga kura wa mtaa ni tofauti na daftari la kudumu linalotumika katika Uchaguzi Mkuu. Kadi ya mpiga kura peke yake haitoshi. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa Oktoba 11 hadi 20, na kampeni zilikuwa Novemba 20 hadi 26.

Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa, na katika mitaa mingi mgombea alibaki mmoja. Hata ikiwa hivyo tena, maswali haya yana kazi. Aulizwe kwenye kampeni mbele ya watu, na akishachaguliwa aulizwe tena katika mkutano wa mtaa. Jumuiya Ndogo Ndogo zinaweza kuyajadili, kisha kila jumuiya ichague mtu wa kuyapeleka mkutanoni.